Bunduki ya .22 inatawanya? Anza na risasi, mtutu baadaye

Watu wengi bunduki ya .22 (ile ndogo yenye kipenyo cha inchi 0.22) ikianza kutawanya risasi hukimbilia kuulizia mtutu mpya au kifyatuo cha mashindano. Mimi nasema pesa ya kwanza iende kwenye risasi. Nunua aina nne au tano, boksi mojamoja, uzipige zote siku moja kwa mita 50, bunduki ikiwa imeegemezwa kwenye mifuko ya mchanga mbele na nyuma. Bunduki hizi zinachagua kama mtoto mezani. Yangu inazikataa risasi za bei mbaya na kubananisha vizuri zile za kawaida.

Kiwashio cha .22 kimo ndani ya ukingo wa ganda, kwa hiyo si risasi ya kujijazia mwenyewe na kurekebisha baruti; unapokea ulichopewa na kiwanda. Ndiyo maana namba ya toleo (mkupuo mmoja wa kiwanda) iliyochapwa kwenye boksi ina maana kubwa. Toleo likikubali, rudi ukanunue la namba hiyohiyo kabla halijaisha.

Kwa shabaha za karatasi napendelea risasi za mwendo wa wastani. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Risasi ya kasi hutoka na kama 380, kisha hushuka chini ya mwendo wa sauti ikiwa bado njiani, na hapo huyumbishwa. Ile inayotoka na 325 hivi haipiti mtikisiko huo.

Usidanganywe na matundu matatu yaliyogusana. Piga makundi kadhaa ya risasi tanotano, upime yote, hata lile baya unalotamani kulisahau. Na ukibadilisha aina ya risasi, piga chache za kuzoesha mtutu kwanza, maana kila aina ina nta yake.

Halafu skrubu. Toa risasi zote, kagua chemba (pale risasi inapokaa) kwa macho na kwa kidole, kisha angalia skrubu za kitako na za vishikio vya darubini. Zilizolegea zinaharibu kazi bure! Zikaze sawasawa, kwa kipimo cha mtengenezaji. Kama mtutu umekusudiwa kuelea, yaani usiguse mbao ya kitako, pitisha karatasi kati yake na mbao. Ikikwama, msasa kidogo kwenye mbao unatosha.

Usafi una kiasi chake. Risasi hizi ni za madini ya risasi laini, hazili mtutu, lakini masizi magumu hujikusanya mbele ya chemba, na hayo ndiyo ya kuondoa. Ingiza ufito wa kusafishia kutoka upande wa chemba kila inapowezekana, usiuache ukwaruze mdomo wa mtutu.

Darubini iliyotengenezewa bunduki kubwa mara nyingi imerekebishwa kwa yadi 100, yaani msalaba wake wa kulengea hutulia juu ya shabaha kwa umbali huo. Kwa mita 50, inamisha kichwa kidogo bila kugusa bunduki: msalaba ukihama juu ya shabaha, tatizo umeliona. Kama darubini haina kirekebishi cha umbali, weka shavu mahali palepale kila unapolenga.

Mwisho ni wewe. Risasi ya .22 ni ya polepole, hukawia ndani ya mtutu, kwa hiyo ukishavuta kifyatuo baki umelenga. Mazoezi ya kuvuta bila risasi hayana gharama, ila tumia risasi bandia, kwani kwenye baadhi ya bunduki pini hugonga ukingo wa chemba na kuuumiza. Kifyatuo chenyewe, kama ni kizito mno, mpelekee fundi wa bunduki, usikichonge mwenyewe.