Kabla hujaandika "kinga ya jua" kwenye chupa

Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza mafuta ya ngozi kwa mimea, mimi nilidanganywa na rangi. Nikiwa maabara ya chuo nilichemsha majani mabichi ya chai ya Tukuyu, nikadondoshea maji yake kwenye kimiminika cha zambarau cha DPPH, kemikali ya kupimia maabara, kikageuka njano. Nikajiona nimemaliza. Kumbe kipimo kile kinaonyesha tu kwamba katekini, kemikali za asili za chai, hutuliza chembe haribifu ndani ya chupa. Jua la saa saba mchana pale Mwanjelwa ni habari nyingine.

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Baridi ya Juni inatuzuga: mwili tunauvika sweta, uso tunauacha. Mionzi ya UVA, aina mojawapo ya urujuanimno, hupenya mawingu na kioo cha daladala, na ikishaingia ndani ya ngozi huamsha vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Kwa sisi weusi makunyanzi huchelewa. Madoa ndiyo hutangulia.

Katekini, hasa ile iitwayo EGCG, husaidia kupunguza madhara ya mionzi iliyokwisha kuingia. Kuizuia isiingie ni kazi ya losheni yenye zinki oksaidi. Mafuta ya parachichi ndiyo kabisa hayaizuii: yanalainisha vizuri, basi.

Msitumie chai nyeusi ya pakiti. Ile imeshapigwa hewa kiwandani, katekini nyingi zimegeuka kitu kingine. Kachumeni majani mawili na kichipukizi, myapige mvuke upesi kabla hayajawa mekundu, na sufuria isiwe ya chuma, maana tanini ikikutana na chuma mtapata wino. Mimi nilikwama kwingine: nilitia dondoo kwenye krimu niliyoikoroga kwa kostiki soda, ambayo ni kinyume cha asidi. Wiki ya pili ikawa kahawia kama ugali wa ulezi. EGCG hudumu zaidi penye asidi kidogo, pH (kipimo cha ukali wa asidi) ya 4 hadi 5 hivi. Nunueni karatasi za pH kabla ya vibandiko vya chupa. (Nawajua, mnaanzaga na vibandiko.)

Halafu ndimu. Maganda yake yana kemikali ziitwazo furokumarini, na zikiwa kwenye ngozi jua likipiga, ngozi huungua. Mteja wangu wa Uyole alirudi na michirizi myeusi shavuni. Hela nilimrudishia, michirizi ilikaa miezi. Tangu siku ile sitii ndimu wala limao.

Vipodozi vinasajiliwa TBS, Shirika la Viwango, na namba ya SPF, yaani kiwango cha kinga ya jua, haiandikwi bila kupimwa. Chupa zangu zinasema "mafuta ya uso yenye chai, paka losheni ya jua juu yake". Mauzo yalishuka, sifichi. Lakini mwezi huohuo mama mmoja aliniuliza, "Dada, haya nimpake mwanangu? Ana ualbino." Nikamwambia hapana, atafute losheni ya SPF 30 au zaidi, na kofia pana.