Ukiripoti vita, muulizie kwanza anayebaki

Vijana wengi wananitumia meseji wakiuliza waanzeje kuripoti vita huku kwetu Kivu, mashariki mwa Kongo, na karibia wote wanaanza na fulana ya kuzuia risasi na kamera gani wanunue. Fulana ukiipata vaa, sina ubishi. Ila mi nimefanya redio Goma muda mrefu na nakwambia mdogo wangu, kabla hujawasha rekoda jiulize hivi, huyu mama ninayemhoji, mi nikishaondoka, yeye anabaki na nani? We utapanda moto, yaani pikipiki, urudi mjini, stori itaruka jioni, na yeye atalala palepale jirani na watu aliowataja.

Wengi wanadhani ukishabadilisha jina umemaliza kazi, hapana bwana. Vaa hedifoni sikiliza rekodi yote mpaka mwisho, na usisikilize maneno yake tu, sikiliza na huko nyuma yake. Mara nyingi utasikia mtoto wa jirani anaita "Mama Furaha! Mama Furaha!" na hapo ushamtangaza hewani hata kama kwenye stori umemwita Maria. Utasikia kwaya inafanya mazoezi, utasikia mashine ya kusaga, motari, yaani dereva wa moto, anaita abiria wa kwenda sehemu fulani, na mtu wa eneo lile akisikia kidogo tu anajua ni kona gani. Hayo yote nayakata. Na kama ametaja kikosi au kamanda sauti yake sitoi kabisa, mwenzangu studio anasoma maneno yake, maana hata ukiipindisha sauti kwa kompyuta wanaomfahamu watamjua kwa anavyoongea. Picha nazo hivyohivyo, angalia namba ya hema, turubai, kilima kilichoko nyuma.

Kuna watakaosema huo ni uoga uliopitiliza. Sisi wa ukanda huu tunajua redio inaweza kufanya nini. Redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo Rwanda mwaka 1993, na 1994 wakati wa mauaji ya kimbari walikuwa wanasoma hewani majina ya watu, namba za magari na mahali walipojificha, na wauaji wakawafuata kulekule, mpaka mahakama ya UN ya Arusha iliyohukumu mauaji hayo ikaja kuwatia hatiani waanzilishi wake wawili mwaka 2003. Wale walichochea kwa makusudi, najua. Lakini taarifa kwamba familia kadhaa zimejificha kwenye shule fulani, hata ukiitoa kwa huruma, mwenye bunduki naye ana redio. Mi nasema wamekimbilia upande wa kusini wa mji, basi, inatosha.

Idadi ya waliokufa ndo inayotugombanisha sana na mabosi. Waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 umeme ulikatika, maji hakuna, kutembea mtaani ni hatari, halafu mhariri aliyekaa mbali anataka namba sasa hivi. Mwanzoni UN walisema wamekufa watu wasiopungua 700, siku chache baadaye afisa wao akasema miili kama 2,000 imeshazikwa na mingine 900 iko mochwari. Sioni aliyedanganya hapo, miili ilikuwa bado inaokotwa. Kwa hiyo namba usiitoe ikiwa uchi, sema kahesabu nani, wapi, mpaka siku gani. Wasemaji wa kila upande watakupigia wenyewe na kila mmoja ana hesabu yake, we nenda hospitali, ongea na wauguzi, ongea na watu wa Msalaba Mwekundu na wanaochimba makaburi. Wenzetu wakitoa kabla yetu acha watoe.

Simu sasa, na hii naomba uifanye leo. Zima ile ya WhatsApp kupakua picha yenyewe, maana uko kwenye magrupu kibao, kuna mtu huko anatuma picha ya wanajeshi au maiti, inaingia kwenye galari yako hata hujaiona, halafu unafika bariere, kizuizi cha barabarani, kijana mwenye silaha anakwambia fungua simu, utamweleza nini akuelewe? Vyanzo vyako nyeti wasiwe kwenye simu unayosafiri nayo. Ukifika bariere punguza mwendo mapema, mikono ionekane, salimia kwanza, na rekoda isiwe inawaka.

Lifti kwenye gari la jeshi kataa, la upande wowote ule, na selfi umeshika bunduki ya mtu usithubutu hata kwa utani. Itifaki ya Geneva ya 1977, kifungu cha 79, inasema mwandishi wa habari ni raia, sasa we ukijifananisha na mpiganaji unawapa sababu ya kukupiga.

Halafu usijidanganye kwamba hatari iko huko mapigano yaliko tu. Serge Maheshe, mwandishi wa Radio Okapi, redio ya UN huku Kongo, aliuawa Juni 2007, Didace Namujimbo wa redio hiyohiyo Novemba 2008, wote wawili mjini Bukavu, mji walioujua na walioishi. Badilisha njia ya kurudi nyumbani, na usiwe na saa moja ya kutoka studio inayojulikana na kila mtu.

Kwa wahariri wa Nairobi, Dar, Kinshasa na huko Ulaya mnaonunua stori zetu, naongea bila kuzunguka. Kijana anayelipwa kwa stori moja moja na nauli juu yake ndiye atakayekubali lifti ya jeshi, na ndiye atakayepokea bahasha ya mwanasiasa kwenye mkutano. Mlipieni moto, mlipieni vocha, mkatieni bima, na akisema leo barabara ya Sake, mji jirani na Goma, haipitiki msimuulize mara mbili. Na kabla hajatoka awe amekubaliana na mtu mmoja ofisini saa za kupiga simu, na huyo mtu ajue saa hiyo ikipita kimya anampigia nani kwanza, familia, hospitali au mkuu wa kikosi, na namba zote hizo ziwe zimeandikwa kwenye karatasi, maana netiweki huku ndo ya kwanza kupotea.