Maswali ya Wasomaji: Hita ya Petroli Katika Gari la Zamani

Swali: Fundi, shikamoo. Nina Volkswagen Beetle ya mwaka 1969 niliyoachiwa na baba, yenye umeme wa volti 12. Imetoka kunyooshwa bodi na kupigwa rangi upya katika gereji moja ya hapa Dar es Salaam, na mwezi wa saba nataka kwenda nayo Njombe kuwaona wazee. Hapa mjini watu hunishangaa ninapozungumzia hita ya gari, lakini Njombe ya mwezi wa saba haina mchezo, na mama ninayesafiri naye anasumbuliwa na viungo. Ndugu yangu aliyeko Ujerumani aliniletea hita ya petroli iliyotumika, ya aina iliyokuwa ikifungwa kwenye magari hayo, nami nimeifunga mbele, chini ya boneti. Nikiiwasha, feni inazunguka vizuri, pampu yake ndogo inagonga, na moshi mweupe wenye harufu kali ya petroli unatoka kwenye bomba lake, lakini joto haliji, na baada ya muda inajizima. Juzi nilirudia kuiwasha mara kadhaa mfululizo, ikapiga kishindo na kutoa mwali wa moto nje ya bomba. Fundi umeme aliyeiunga anasema hita ni mbovu, ninunue nyingine. Je, ni kweli?
*Msomaji, Tabata*

Jibu: Marahaba. Kabla ya yote nakuomba usiiwashe tena mpaka umalize kusoma majibu haya, kwa sababu kishindo ulichokisikia ni petroli iliyokuwa imejikusanya ndani ya chumba cha kuchomea kila ulipojaribu, kisha ikashika moto yote kwa mara moja. Hita ikikataa kuwaka mara mbili, iache, chomoa waya wa pampu, na uiendeshe feni peke yake mpaka bomba liache kunuka petroli. Kizimamoto cha unga kiwe karibu na mkono wako kila unapofanya kazi hii, na kazi yenyewe ifanyike uwanjani, si ndani ya banda.

Sasa tuitazame dalili uliyoieleza, maana imesema mengi. Hita ya petroli ni jiko dogo linalojitegemea. Pampu hupima petroli kidogo kidogo, feni moja huleta hewa ya kuchomea, plagi ya joto inayofanana na zile za injini za dizeli huwasha mchanganyiko huo, na feni nyingine hupitisha hewa ya ndani ya gari juu ya ganda la chuma lililopashwa na moto. Moshi wa kuchomea hutoka nje kwa bomba lake, wala haukutani na hewa mnayovuta. Kama pampu isingegonga, ningekutuma kwenye fyuzi na swichi ya usalama inayokata umeme hita inapopata joto kupita kiasi. Kama ingegonga pasipo moshi wowote, ningekutuma kwenye chujio na hozi za mafuta. Lakini moshi mweupe wenye harufu ya petroli ni petroli iliyofika mahali pake, ikageuka mvuke, ikakosa wa kuiwasha. Mafuta yapo na hewa ipo. Moto wa kuanzia ndio dhaifu. Kwa hiyo sikubaliani na fundi wako, angalau bado, na ninadhani hajapima chochote.

Betri ya Beetle imewekwa chini ya kiti cha nyuma, na hita yako iko mbele kabisa. Waya unaozifikisha mbili hizo pamoja, ukizingatia kona zake, unakaribia mita 4. Plagi pamoja na feni wakati wa kuwasha vinaweza kuvuta umeme wa ampea zinazokaribia 20. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ambao mafundi wengi huutumia kwa sababu ndio uliopo kwenye boksi, hupoteza karibu volti 0.9 katika urefu huo kwa mzigo wa ampea 20, hali waya wa milimita 4 za mraba hupoteza takriban volti 0.35 tu. Ukiongeza betri iliyochoka, swichi yenye kutu na viungo vilivyosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu, plagi inabaki na volti 9 au 10. Kwa kiasi hicho feni itazunguka na kukudanganya kwamba umeme upo wa kutosha, pampu itagonga, lakini plagi itabaki na wekundu hafifu pale ambapo ilitakiwa ing'ae rangi ya chungwa.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji kubahatisha. Chomoa waya wa pampu, weka mita kwenye volti, ncha moja iguse nguzo chanya ya betri na ncha nyingine iguse kichwa cha plagi, kisha mwenzako awashe hita. Namba utakayoiona ndiyo umeme uliopotea njiani, na isizidi nusu volti. Rudia upande wa pili, yaani kati ya bodi ya hita yenyewe na nguzo hasi ya betri. Hapo ndipo ninapotarajia utaukuta ugonjwa wako. Gari limetoka kupigwa rangi. Mabano ya hita yamefungwa juu ya rangi mpya, na rangi haipitishi umeme unaorudi betri kupitia bodi ya gari. Nimeona boliti iliyokazwa barabara, ya kung'aa, ambayo chini ya washa yake kulikuwa na praima nzima bila mkwaruzo hata mmoja. Ifungue, kwangua duara la ukubwa wa shilingi mia mpaka chuma cheupe kionekane, funga waya wa ethi wa unene ule ule wa waya chanya, kisha paka grisi juu yake, kwa sababu hewa ya chumvi ya pwani yetu itakila chuma hicho ndani ya masika moja. Fyuzi ya waya mkuu iwe karibu na betri, isiwe karibu na hita, ili waya ukichubuka katikati ya safari uwe na kitu cha kuukata.

Plagi nayo itolewe ikaguliwe. Ikiwa imevaa masizi magumu, isafishwe kwa brashi laini huku ikiwa imeloweshwa. Nasema iloweshwe kwa sababu hita ya umri huo imechoma petroli yenye risasi kwa miaka mingi, na vumbi lililobaki ndani yake si la kupuliza wala kuvuta puani. Kagua pia bomba la kuingizia hewa na la kutolea moshi, kwani nyigu wa udongo hapa Dar hupenda matundu ya ukubwa ule, na kiota kimoja kinatosha kuinyima hita pumzi.

Yote hayo yakitengemaa hita itawaka, lakini hapo ndipo palipo na hatari kubwa kuliko kishindo chako. Lile ganda la chuma linalotenganisha moto na hewa ya mama yako likiwa na tundu dogo kama la sindano, moshi utaingia ndani pamoja na joto. Katika moshi huo kuna kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo himoglobini ya damu hushikamana nayo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Anayeivuta huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, na safarini watu hudhani ni uchovu wa njia au kona za Kitonga. Abiria aliyelala hatasema lolote. Kwa hiyo, toa hita yote mezani, vua ganda la nje, na ulimulike lile la ndani kwa tochi kali kila upande, hasa kwenye mistari ya kuchomelea na sehemu ya chini ambako maji ya mvuke hukaa. Kisha ziba matundu ya moshi na hewa, pulizia upepo mdogo kwa pampu ya baiskeli, na upake maji ya sabuni. Povu likitokea popote, hita hiyo haifai kuwekwa ndani ya gari. Ujerumani sheria imeweka ukomo wa miaka 10 kwa ganda la hita za aina hii hata likionekana zima, nami sioni sababu ya sisi kuzithamini roho zetu chini ya hapo. Ukifanikiwa kuagiza ganda jipya, agiza. Hata likiwa jipya, nunua kengele ya kaboni monoksidi inayotumia betri uiweke karibu na abiria, wala usihesabu kufungua kioo kidogo kuwa ni kinga.

Kuhusu ufungaji, tangi la mafuta la Beetle liko mbele, chumba kimoja na hita, na jambo hilo linabadilisha kila kitu. Hozi zote za mafuta za upande huo zibadilishwe, hasa zile za asili zilizofumwa kwa nyuzi nje, ambazo hupasuka ndani kwa ndani huku nje zikionekana nzuri, na kila kiungo kifungwe kwa klipu ya skrubu. Bomba la moshi lishuke chini ya gari kwa mteremko, liwe na tundu dogo mahali pa chini kabisa pa kutolea maji, lisipite karibu na hozi, na mdomo wake usielekee mbele wala kuwa jirani na mahali popote panapoingizia hewa ya kabini. Hewa ya kuchomea ichukuliwe nje.

Ukiwa njiani, zima hita mapema kabla ya kuingia kituo cha mafuta, tuseme kilomita kadhaa kabla ya Mafinga au Makambako, kwa kuwa baada ya kuzimwa feni huendelea kwa dakika chache kuchoma mabaki na kupoza chuma. Usiikate kwa kuchomoa betri wakati huo. Joto lililobaki litaunguza swichi na kupinda ganda. Dainamo ya gari lako pia huchaji kidogo sana injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma polepole bila kukanyagwa mafuta, kwa hiyo taa, waipa na hita vikiwashwa pamoja kwenye foleni ya Kibaha, betri ndiyo inayolipa.

Swali: Mheshimiwa Fundi, Kombi yangu ina hita ya petroli ambayo hapa Mbezi inawaka vizuri bila moshi, lakini nikifika Makete inatoa moshi mweusi na baada ya siku chache inakataa kuwaka. Nikirudi Dar naisafisha, inapona. Tatizo ni petroli ya huko?
*Msomaji, Mbezi*

Jibu: Petroli ya huko haina kosa. Ukiwa kwenye mwinuko wa mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni karibu asilimia 80 ya lile la hapa Mbezi, na kuna sehemu za Makete zilizo juu zaidi ya hapo. Pampu ya hita haijui mlima. Inapima petroli ile ile kwa kila mpigo, wakati feni inaleta hewa yenye oksijeni pungufu. Baridi huikaza hewa na kurudisha sehemu ya upungufu huo, lakini haiurudishi wote. Petroli inayokosa hewa hugeuka masizi, masizi hufunika plagi na kuta za chumba, na hatimaye hita hufa. Moto wa namna hiyo pia hutoa kaboni monoksidi nyingi zaidi, hivyo niliyomwambia ndugu wa Tabata kuhusu ganda yanakuhusu maradufu.

Ikiwa pampu yako ina skrubu ya kurekebisha kipimo, ipunguzwe na fundi mwenye kifaa cha kupima moshi, tena ikiwezekana afanye kazi hiyo huko huko juu, kwa sababu kipimo cha Dar hakitakusaidia Makete. Kama haina, hakikisha kwanza kwamba feni inapata volti zake zote, maana feni iliyozorota huongeza njaa ya hewa iliyokuwepo tayari. Kisha iwashe hita kwa nguvu kamili kwa robo saa kila siku, badala ya kuiwasha na kuizima kila mara, kwa kuwa masizi mengi huzaliwa chumba kikiwa bado cha baridi.

Swali: Fundi, ganda la hita ya Beetle yangu lina ufa wa sentimita moja. Kuna mchomeleaji Gerezani anasema ataliziba kwa shaba nyeupe na halitavuja tena. Nimruhusu?
*Msomaji, Keko*

Jibu: Usimruhusu. Mafundi wa Gerezani wana mikono mizuri, na sina shaka ataliziba leo. Lakini chuma kilichopasuka mahali pamoja kimekwisha kuliwa na kutu na joto kila mahali, na kila safari ya kupashwa na kupoa itafungua ufa mpya pembeni ya kiraka, usiku, mkiwa mmefunga vioo.

Badala ya kutumia fedha hizo kwenye kiraka, tengeneza joto la asili la gari lako. Beetle hupozwa kwa hewa, na hewa hiyo hupitishwa kwenye maboksi yanayozunguka mabomba ya ekzosi, kisha husafiri ndani ya fremu za chini ya milango hadi miguuni. Magari mengi ya hapa pwani yameng'olewa maboksi hayo, au waya zake za kufungulia zimekatika, au fremu zimeoza kwa kutu kiasi kwamba joto linapotelea barabarani. Vikirudishwa vyote, na gasketi za ekzosi zikawa mpya ili moshi wake usiingie katika njia hiyo hiyo, utapata joto la kutosha mpaka Makambako, mradi gari linatembea. Likisimama, joto hushuka. Kwa mapumziko ya usiku beba blanketi.