Mombasa hadi Malindi: Uliza Mwezi ni wa Ngapi

Kila rafiki anayepanga kuja Pwani huniuliza Mombasa hadi Malindi ni mwendo wa saa ngapi. Ni kama kilomita 120, na foleni ya Mtwapa ndiyo itakayoamua. Toka alfajiri, usiulize zaidi. Kama unakwenda kutembea, swali la maana ni jingine: leo mwezi ni wa ngapi?

Wavuvi wa huku hawahitaji jedwali. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hupwa sana kwenye saa nne asubuhi, yakajaa sana kwenye saa kumi jioni. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kama dakika 50, na baada ya wiki hivi ni maji mafu, saa nne ile ile bahari imejaa. Saa nne ya bamvua, ufuo wa Watamu unakutembeza kwa miguu hadi kwenye visiwa vya mawe. Anayefika saa kumi huona maji matupu na kudhani alidanganywa na picha. Vaa viatu vya kuloa, kuna miiba, na usikanyage matumbawe. Eneo hilo ni hifadhi ya bahari tangu 1968. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa simu, kwa hiyo usiende na noti mfukoni ukitegemea zitapokelewa.

Kabla ya Watamu kuna Kilifi. Daraja lake lilichukua nafasi ya feri mwaka 1991, na kila mtu hutaka kupiga picha akiwa juu yake. Msisumbue madereva. Ingieni Mnarani, upande wa kusini, kwenye magofu na mibuyu. Hori lote mtaliona mkiwa kivulini. Korosho nunueni baadaye, na muonje kwanza.

Msitu wa Arabuko-Sokoke uko kushoto mwa barabara ukielekea Malindi. Una ndovu, lakini usiende kwa ajili ya ndovu. Nenda kumekucha na mwongozaji wa pale, mwende kimya, na huenda mkamwona sengi, mnyama mdogo mwenye pua kama mkonga mdogo na kiuno cha manjano akichakura majani makavu. Akishtuka hutimka kwa kurukaruka, na hilo doa la manjano ndilo la mwisho utakaloona. Ukilala hadi saa tatu, basi nenda zako Gede ukatazame magofu. Ndizi iache garini, kima wa pale hawaombi.

Mimi ningekuwa na nafasi ya kusimama mara moja tu njia nzima, ningesimama Mida, hori la mikoko karibu na Watamu. Kuna njia ya mbao inayoning'inia kati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege, na sehemu ya kiingilio husaidia karo za watoto wanaoishi kando ya msitu. Maji yakiwa yamepwa kabisa, ndege wako mbali, vidoa tu. Fika yakiwa yanarudi, kabla hayajajaa. Siku za bamvua ni kama saa nane mchana. Tope linapungua, ndege wanasukumwa kwako kidogo kidogo. Msimu wa kaskazi utakutana na wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambao huzaliana huko Oman na Ghuba, kisha huja kwetu kula. Anakimbia hatua tatu nne, anasimama, anachoma tope, anainuka na kaa. Chini ya mbao, kaa wadogo wenye gando moja kubwa wanapunga kama makarani wanaogombea teksi.

Malindi yenyewe inategemea mvua. Mto Sabaki hutoka mbali bara na huleta udongo mwekundu, kwa hiyo wakati wa masika bahari ya mjini hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Aprili na Mei, ogeleeni Watamu. Lakini mdomo wa mto usiukose, kaskazini kidogo ya mji: kuna viboko, na mara nyingine heroe wengi. Chukua tuktuk, patana bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, na mwambie dereva akusubiri. Viboko hutoka majini jioni kwenda malishoni, kwa hiyo kabla giza halijaingia uwe umeshaondoka ukingoni.