Jeni moja kuharibu moyo, figo na sura? Ndiyo, inawezekana

Yaya, umeuliza jeni moja (agizo moja la mwili, lililoandikwa kwenye DNA) inawezaje kugusa moyo, figo na sura ya mtoto kwa pamoja, na majirani hapo Kadutu wameshasema ni mkono wa mtu. Mkono wa mtu hauhusiki: huenda ni sindromu ya Kabuki, yaani mkusanyiko wa dalili unaoletwa na jeni iliyoharibika.

DNA imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye kibiringo cha cherehani. Jeni ya KMT2D hutengeneza kimeng'enya kinachobandika alama ndogo za kemikali, ziitwazo methili, kwenye histoni moja iitwayo H3, ili jeni za jirani ziwake kwa wakati wake. Nakala moja kati ya mbili za jeni hiyo ikiharibika, kimeng'enya hupungua. Kiinitete hakifi, lakini chembe za moyo, figo na uso zinapata amri pungufu zikiwa bado zinajipanga. Ndiyo maana kasoro zinatawanyika hivyo.

Hiyo ndiyo sindromu ya Kabuki. Ilielezwa Japani mwaka 1981, jeni yake, KMT2D, ikajulikana 2010. Baadaye ikaonekana jeni nyingine, KDM6A, ikiharibika nayo huileta. Mtazame mtoto: kope ya chini (ngozi ya jicho) imebinuka kidogo upande wa nje, na ncha za vidole zina vivimbe laini ambavyo kwa kawaida huisha mtoto akiwa bado tumboni mwa mama. Dalili hizo peke yake hazitoshi, kipimo cha jeni ndicho kinathibitisha.

Mara nyingi badiliko ni jipya, halikutoka kwa baba wala mama (waambie mawifi!). Kwa sasa omba ekografi (picha ya ultrasound) ya moyo, waangalie aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kama imebana, kisha figo.