Mwanangu ana sindromu ya Down, hajaanza kusema: nianze na anachoweza?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mwanangu ana miaka miwili na miezi mitano, ana sindromu ya Down, ile hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji. Ameanza kutembea juzijuzi tu na hajasema neno linaloeleweka. Kliniki nilipewa karatasi imejaa "hawezi". Mtaalamu mwingine akaniambia nianze na uwezo wake. Mtoto mwenyewe anachojua ni kucheza, na kumletea bibi yake ndala akiinuka kwenda kutawadha. Hiyo ni tiba au ni maneno ya kunituliza? Na ni kweli nikimfundisha ishara za mikono hataongea kabisa? – Mama Yusuf, Tanga

JIBU: Marahaba, Mama Yusuf. Ni tiba, na ina kazi nyingi. Kwanza, kutembea: watoto wengi wenye sindromu ya Down huanza wakiwa na miaka miwili hivi, na wengine hukaribia mitatu. Kwa hilo, mwanao hayuko mbali na wenzake.

Sasa tuziangalie hizo ndala. Ili amletee bibi, Yusuf inabidi ang'amue kwamba bibi anataka kuinuka, akumbuke ndala zinakaa wapi, azitofautishe na za watu wengine, ainame azibebe bila kuanguka, kisha azifikishe kwa mwenyewe. Hayo yote anayafanya bila kuambiwa neno. Aliyejaza ile karatasi akaandika "hasemi" aliandika kweli, ila neno hilo halikuonyeshi kesho asubuhi uanzie wapi. Ndala zinakuonyesha.

Watoto wengi wa hali hii hukumbuka walichokiona kuliko walichokisikia. Huelewa mengi kuliko wanayoweza kutamka, kwa kuwa misuli ya mdomo na ulimi imelegea, na hupenda kuiga wanachofanya watu. Kwa hiyo neno jipya tulipitishe machoni na mikononi, ndani ya jambo analolipenda tayari.

Fanyeni hivi. Bibi akiinuka asichukue ndala mara moja. Akae usawa wa uso wa mtoto, anyooshe mkono kwa ishara ya kuomba, aseme "ndala", kisha anyamaze. Hapo kwenye kunyamaza ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Mtoto huyu anahitaji muda mrefu wa kupokea neno na kupanga jibu. Hesabuni kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kurudia. Akitoa sauti yoyote, hata "nda" au "aa", au akiiga ule mkono, hilo ni jibu: bibi apokee, amwambie "ndala! Asante," kwa uso wa furaha. Akishazoea, wekeni ndala za bibi na viatu vya baba pamoja, mumuulize "za bibi ziko wapi?" Hapo anajifunza kusikiliza na kuchagua. Baadaye pigeni picha ya ndala, mumwonyeshe huku mkilitaja neno. Neno moja au mawili kwa wakati mmoja yanatosha, na yatumike kila siku kwenye kutawadha, kuoga na kunywa uji. Msimwekee kipindi cha "masomo" mkekani. Atachoka, nanyi mtachoka.

Kuhusu ishara, ondoa hofu. Tafiti zilizokusanywa kwa miaka mingi hazijaonyesha kwamba ishara huzuia usemi, na kwa baadhi ya watoto maneno huongezeka. Sharti ni moja: kila ishara iende na neno lililotamkwa. Anayeweza kuomba maji kwa mkono hapigi kelele kwa hasira, na mtoto aliyetulia hujifunza. Wafundishe ishara hizo baba, bibi na dada wa nyumbani pia, maana ishara inayojulikana na mama peke yake haimfikishi mbali.

Kwa sisi wa tiba kwa vitendo, yaani tunaotibu kupitia shughuli za kila siku, huu ni utaratibu wa kitaalamu kabisa. Tangu 2001 Shirika la Afya Duniani lina mfumo unaomtaka mtaalamu aangalie mwili wa mtoto pamoja na anachofanya, anaposhiriki na mazingira yanayomsaidia au kumkwamisha. Mwaka 2012 Peter Rosenbaum na Jan Willem Gorter wa Kanada waliugeuza kuwa mambo sita ya kuangalia kwa kila mtoto: anachofanya, familia, afya ya mwili, furaha, marafiki na maisha yake ya mbele. Karatasi uliyopewa imegusa jambo moja kati ya hayo.

Lakini usiitupe. Kuanza na uwezo hakumaanishi kufumbia macho kasoro, na nasikitika sana ninapoona mzazi ameambiwa "ana vipaji vyake" kisha masikio ya mtoto hayakupimwa. Maji nyuma ya ngoma ya sikio ni ya kawaida kwa watoto hawa, na asiyesikia vizuri hawezi kuiga neno. Omba kipimo cha kusikia sasa, na kiwe cha kila mwaka, pamoja na cha damu cha tezi ya shingo. Kama moyo haujawahi kupimwa, dai upimwe. Akikoroma sana usiku, au akipoteza jambo alilokuwa analiweza, usingoje tarehe ya kliniki. Na siku ukienda, mrekodi kwa simu akipeleka ndala, umwonyeshe mtaalamu kabla hajafungua fomu yake.