Kihenge kinasema kimejaa, kumbe kitupu

SWALI: Shikamoo fundi. Nasimamia uzalishaji kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo hapa Moshi. Tuna vihenge viwili vya bati vya mahindi, kipenyo mita 6, urefu mita 12. Sensa zetu za sauti zinachanganyikiwa kila tunaposhusha lori. Namba zinarukaruka mpaka vumbi litulie. Tumeshauriwa tununue rada ya kebo. Je, tutapata tani sahihi? Na mbona jirani yetu anayo, lakini asubuhi nyingi inamwambia kihenge kimejaa ilhali ni kitupu? Tuna pia tangi la molasi, nalo tulifungie hiyo hiyo?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Rada itakuondolea shida ya vumbi. Tani sahihi ni habari nyingine, na hapo ndipo wengi wanapotupa hela.

Sensa yako ya sasa inapiga sauti hewani na kungoja mwangwi. Vumbi linaimeza sauti, na joto linabadilisha mwendo wake. Jua la Moshi likipiga bati mchana, hewa ya juu ya kihenge si ile ya alfajiri. Rada ya kebo haitegemei hewa kiasi hicho. Inatuma mpigo mfupi wa mawimbi ya redio ukishuka kwa kuifuata kebo ya chuma iliyoning'inia mpaka chini. Ukigota kwenye mahindi, sehemu yake inarudi, na kifaa kinahesabu muda. Kwa mita 10 kwenda na kurudi ni kama nanosekunde 67, yaani sehemu 67 za bilioni za sekunde. Mbinu yenyewe si ngeni, mafundi wa nyaya waliitumia kutafuta mahali kebo ilipokatikia chini ya ardhi.

Kiasi kinachorudi kinategemea kile tunachoita namba ya dielektriki, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyoitikia nguvu ya umeme ya mawimbi. Hewa ni 1, maji ni kama 80, mahindi makavu yanacheza karibu na 3. Kwenye maji, zaidi ya nusu ya nguvu ya mpigo inarudi. Kwenye mahindi ni kama asilimia 7 tu. Inatosha, ila ina maana mwangwi wako ni mdogo, na uchafu wowote huko juu unaweza kupiga kelele kuliko mahindi yenyewe.

Hapo ndipo tatizo la jirani yako. Kiwanda kimoja hapa Arusha waliniita kwa kesi kama hiyo. Nilipanda saa moja asubuhi, bati bado lina umande. Nikafungua flanji, kile kifuniko cha duara kinachoshikilia kifaa: shingo ya bomba waliyofungia kifaa ilikuwa ndefu na nyembamba, ndani yake vumbi la mahindi limeshika unyevu likawa kama ugali wa jana, limeizunguka kebo pande zote. Nikagonga kwa spana, likadondoka pande kubwa kama andazi. Namba ikashuka palepale kutoka asilimia 97 hadi 4. Usiku hewa yenye unyevu inayotoka kwenye nafaka inakutana na paa baridi, maji yanatengeneza tope. Mwambie jirani asafishe shingo, na akiweza aibadilishe iwe fupi na pana, kebo isiguse ukuta wake. Kisha, kihenge kikiwa kitupu kweli, akifundishe kifaa kuipuuza miangwi ya uongo ya huko juu. Asifanye hivyo kihenge kikiwa na mahindi, maana atakifundisha kuyapuuza mahindi.

Sasa tani. Mahindi hayakai kama maji. Ukimwaga katikati yanapanda kama kichuguu, ukitoa chini katikati yanabonyea kama faneli. Mteremko wa mahindi ni kama nyuzi 25, kwa hiyo kwenye kihenge chako cha mita 6, ncha ya kichuguu inazidi ukingo kwa karibu mita 1.4. Rada inasoma sehemu moja tu, pale kebo ilipo. Ukiifunga katikati, ikisoma ncha kana kwamba uso wote uko sawa, inakuongezea kama meta za ujazo 26. Kwa mahindi ya kilo 720 kwa meta ya ujazo, hizo ni tani 19, yaani magunia 190 ya kilo mia ambayo hayapo. Mkishaanza kutoa, faneli inawadanganya kwa upande wa pili.

Dawa yake ni hesabu ya darasani. Wastani wa urefu wa umbo la pia, yaani umbo la kichuguu chako, ni theluthi ya urefu wa ncha yake, na kimo hicho unakikuta theluthi mbili za nusu kipenyo kutoka katikati. Kwako ni mita 2 kutoka katikati, mita 1 kutoka ukutani. Pale kosa la kichuguu na la faneli yote yanapungua sana, mradi mnamwaga na kutoa katikati. Bomba la kumwagia likiwa upande mmoja, hesabu hiyo haifai. Usiruhusu mahindi yanayomwagwa yaangukie kebo: namba zitaruka, na nyuzi za chuma za kebo zitaanza kukatika pale juu.

Kuna jambo ambalo wauzaji wanalitaja kwa sauti ya chini: nafaka inaivuta kebo kwenda chini kwa mamia ya kilo. Usiifunge kwenye bati tupu, tafuta mhimili wa paa au weka wa kwako. Usiifunge chini ikakazana pia, maana mvuto unaongezeka mara kadhaa. Iachie ulegevu kidogo. Ukikata kebo, badilisha urefu wake kwenye mipangilio siku hiyo hiyo. Kifaa kiwe na idhini ya kufanya kazi penye vumbi linaloweza kulipuka. Na mtu asiingie ndani kurekebisha kebo wakati mahindi yapo. Nafaka inamla mtu kuliko mto.

Kama mnapokea au kuuza kwa namba hizi, acha. Mizani ya lori iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo ndiyo inayohesabika kibiashara. Rada ni ya kujua lini uagize na lini usimamishe kumwaga.

Molasi ni rahisi kusomwa kwa sababu mwangwi wake ni mkubwa, ila inanata. Humo chagua rada yenye fimbo moja badala ya kebo, si mbili, kwani molasi hujenga daraja kati ya hizo mbili na kifaa kinasoma daraja. Mimi kwenye tangi la wazi juu ningefunga kipimo cha mgandamizo, kinachopima jinsi molasi inavyokandamiza, chini ya tangi na kuokoa pesa, maadamu tope lililoganda halizibi mlango wake.